Huduma kwa Jamii au Kushirikiana na Jamii?

Miongoni mwa istilahi za elimu ya juu imo "kujifunza kwa kutoa huduma kwa jamii", yaani mwanachuo kutoka darasani akajifunze uendelevu kwa kufanya kazi vijijini. Tunaona istilahi hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, katika sheria yetu ya mwaka 2002 "huduma kwa jamii" ni adhabu inayotolewa badala ya kifungo. Pili, na hii ndiyo kubwa zaidi, inamfanya mwanachuo kuwa mtoaji na mwanakijiji kuwa mpokeaji tu.

Tuchukue mfano wa Tabora, penye njia ya kale ya misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya wengine, lakini njia waliijua wao. Leo kuni za kukaushia tumbaku zimepunguza misitu ya miombo, ilhali mrina asali hana budi kuihifadhi, kwani nyuki wake hutegemea maua ya miti hiyo. Mwanachuo amwendeaye hupokea elimu kabla ya kutoa msaada wowote.

Kwa hiyo tunapendekeza "kujifunza kwa kushirikiana na jamii". Wafasiri wasiidharau tofauti hiyo, kwani ndiyo inayobainisha nani ahesabiwe kuwa mwalimu.