Inacheza

Mpelekee fundi wa hapa Miono baiskeli yenye gurudumu lililolegea. Atalishika kwa vidole viwili, atalitikisa, kisha atatoa hukumu kwa neno moja: inacheza. Hapo ujue utaacha pesa. Miaka yote nimelijua neno hilo kama jina la ugonjwa, hadi siku nilipotengeneza treni ya kuchezea na kutaka kuipitisha kwenye kona ya uani, kati ya mwembe na banda la kuku.

Kichwa cha treni kilikuwa kopo la mafuta ya kula lililolazwa. Ekseli zilikuwa nne, za spoku, nimezibana zisitikisike hata kidogo. Reli ni mwanzi uliopasuliwa, umefungwa juu ya vijiti badala ya mataruma. Kilichonisumbua ni magurudumu. Upande wa ndani niliweka kizibo cha soda, ili ukingo wake ushuke kando ya reli na kuzuia treni isitoke; upande wa nje kipande cha ndala kilichokatwa duara, kidogo kuliko kizibo, kikanyage reli. Penye mnyoofu treni ilitembea kwa madaha. Penye kona ikapanda reli na kulala ubavu. Nikaikaza zaidi, ikaanguka zaidi. Mpwa wangu, aliyekuwa amechuchumaa akitazama aibu ile, akaniambia, "Mjomba, umeibana mno. Iache icheze."

Nilikasirika kidogo, maana alisema kweli. Reli ya nje ya kona ni ndefu kuliko ya ndani, na magurudumu mawili ya treni yameunganishwa na ekseli moja, hivyo hayawezi kuzunguka kila moja kwa kasi yake kama ya gari. Dawa imefichwa kwenye umbo. Gurudumu la treni halikuchongwa sawasawa. Limelazwa kidogo mfano wa pia, nene upande wa ndani, jembamba upande wa nje. Ekseli ikifika konani husogea kuelekea nje, gurudumu la nje likakanyagia unene wake na la ndani likakanyagia wembamba wake. Mzunguko ni mmoja, lakini moja linakwenda mwendo mrefu na jingine mfupi. Sasa, ekseli isiyo na nafasi itasogea vipi? Na kona ikibana kupita kiasi, hata umbo hilo halitoshi: ukingo unasugua chuma, ndipo unapotoka ule mlio unaoingia hadi kwenye meno.

Nikachonga ndala upya kwa kisu kilicholazwa. Nikapanua matundu ya ekseli kwa unene wa njiti ya kiberiti. Ekseli mbili za katikati nikazinyang'anya vizibo, zibebe uzito tu bila kung'ang'ania reli. Baadaye nikajua kwamba waunda injini za mvuke nao walikuwa wakiyaacha baadhi ya magurudumu ya katikati bila ukingo kwa sababu hiyohiyo. Ikapita. Taratibu, ikilalamika, lakini ikapita.

Wenye treni za dukani hawana tofauti nasi. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani, kwa vipimo vya 1 kwa 87, ina duara la reli ambalo nusukipenyo chake ni milimita 360. Zidisha kwa 87, unapata mita 31. Hakuna kichwa kikubwa cha njia kuu kitakachothubutu kona ya mita 31. Kinacholizunguka duara lile mezani ni uongo uliochongwa kwa ustadi, wenye ekseli zinazosogea kushoto na kulia na vifungu vya magurudumu vinavyogeuka kuliko vya kweli. Mimi nausifu uongo huo.

Treni ya kweli nayo ina hila zake. Reli yetu ya zamani, ile ambayo kipande chake cha Ruvu hadi Mruazi kiliunganisha Reli ya Kati na ya Tanga mwaka 1963 na kinavuka mto Wami, ina upana wa mita 1 tu, na wembamba huo huiwezesha kujikunja milimani. Kule Sigi, Usambara, ambako Wajerumani walitandika reli nyembamba zaidi, ya milimita 750, kona ilikosa hata pa kukaa. Treni ikapanda kwa kwenda mbele na kurudi nyuma, kama mtu anayegeuza gari kichochoroni.

Halafu kuna Garratt. Mwingereza Herbert William Garratt aliomba hataza ya injini yake mwaka 1907: aliigawa vipande vitatu, magurudumu yote akayaweka kwenye vipande vya mbele na nyuma, na boila akaining'iniza katikati juu ya maegemeo mawili. Kwenye kona vipande vya ncha hufuata reli, na boila huvutwa ndani kama uzi wa upinde. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilinunua 34 za daraja la 59, zilizoundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock mwaka 1955 na 1956, kwa ajili ya njia ya Mombasa na Nairobi. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 hivi, na hapakuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda kwenye reli ya mita 1. Zote zilipewa majina ya milima.

Treni ya umeme ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyoanza 2024, haina shida hizi. Imenyooshewa njia, madaraja na mahandaki yakabeba gharama. Ni nzuri, nimeipanda. Ila haikunifundisha kitu uani kwangu.

Injini namba 5918, Mount Gelai, mlima wa kwetu kaskazini mwa Tanzania, ipo Makumbusho ya Reli Nairobi. Wageni hujipiga picha mbele yake. Ukifika, nenda ubavuni, uiname, utazame pale boila inapokalia egemeo. Hapo ndipo ilipokuwa ikicheza.