Vidoa Vimeondoka, Ugonjwa Upo

Kangaja wa buluu, yule Acanthurus leucosternon wa miamba ya pwani yetu, ni miongoni mwa samaki wanaowahi kutoa vidoa vyeupe tangini. Jumatatu vidoa vimetapakaa kwenye mapezi, kila kimoja hakizidi nusu milimita. Ijumaa hana hata kimoja. Mwenye tangi anashukuru Mungu, anaisifu dawa aliyotia au kitunguu saumu alichochanganya na chakula. Wiki inayofuata vidoa vinarudi, safari hii kwa samaki wote, na mwezi ukiisha tangini wamebaki uduvi na konokono.

Kitunguu saumu hakikuponya kitu. Vidoa viliondoka kwa sababu wakati wake wa kuondoka ulikuwa umefika.

Kimelea chenyewe ni Cryptocaryon irritans. Sikama alikieleza Japani mwaka 1937, na jina hilo kilipewa na E. M. Brown wa London mwaka 1951. Kikimwingia samaki hujificha chini ya tabaka la juu la ngozi na kumla kwa siku 3 hadi 7. Kikishashiba hudondoka, aghalabu gizani, kikajibandika kwenye changarawe au kioo na kujifungia ndani ya kifuko kigumu. Humo hujigawa, kisha kifuko hupasuka na kutoa watoto hata mamia, ambao wasipompata samaki ndani ya siku moja au mbili hufa. Dawa haikifikii kikiwa ngozini, wala kikiwa kifukoni. Hukipata kikiwa kinaogelea tu. Kwa hiyo anayetibu akitazama ngozi ya samaki anatazama mahali ambapo adui ameshahama.

Angelo Colorni, aliyefanya utafiti wake Eilat kwenye Bahari ya Shamu, ndiye aliyegeuza ratiba hiyo kuwa tiba. Mwaka 1987 alionyesha kwamba samaki akihamishiwa chombo safi kila baada ya siku 3, mara nne, anapona bila tone la dawa. Hesabu yake ni nyepesi. Kifuko huhitaji angalau siku 3 kabla hakijapasuka, kwa hiyo kila kinachodondoka kutoka kwa samaki huachwa nyuma kabla hakijazaa. Kufikia uhamisho wa nne hakuna kilichobaki ngozini.

Lakini kwanza ijulikane kuwa ni kimelea hicho. Samaki anayehema kwa kasi bila kidoa chochote asisingiziwe vimelea kabla maji hayajapimwa. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 28 hubeba oksijeni isiyozidi miligramu 6 na nusu kwa lita, pungufu ya maji baridi ya joto hilohilo, na umeme ukikatika usiku pampu ikinyamaza, akiba hiyo haifiki asubuhi kama tangi limejaa samaki. Amonia nayo ni kali zaidi baharini: pH inakaribia 8 au kuipita kidogo, na kadiri pH na joto vinavyopanda ndivyo sehemu yenye sumu inavyoongezeka.

Maji yakiwa salama, zima taa ya chumba umulike samaki kwa tochi kutoka ubavuni. Ukiona kama kapakwa vumbi la dhahabu, hiyo ni Amyloodinium ocellatum, ambayo Brown huyohuyo aliieleza mwaka 1931, na una siku chache tu. Akiwa ni samaki wa kwenye anemoni za baharini, wale wa rangi ya machungwa wenye mistari, naye anatoa ute mzito unaochubuka vipandevipande, mshuku Brooklynella hostilis. Akijisugua kwenye mawe bila dalili nyingine, mtie dakika 5 kwenye beseni jeusi la maji yasiyo na chumvi, yenye joto na pH sawa na ya tangi, huku ukimwangalia muda wote. Minyoo ya Neobenedenia, ambayo ngozini haionekani kwa kuwa mwili wake unapitisha mwanga, hugeuka myeupe na kudondoka. Weusi wa beseni hapo ndio maabara yako.

Nimeliweka vumbi la dhahabu mbele kwa sababu hilo ndoo za Colorni hazilitoshi. Hilo linataka shaba. Robert Dempster wa Steinhart Aquarium, San Francisco, aliandika mwaka 1955 jinsi salfeti ya shaba inavyolimaliza, na salfeti ya shaba ndiyo mrututu unaouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Kazi iko kwenye kipimo. Lengo ni miligramu 0.15 hadi 0.20 za shaba kwa lita, na robo tu ya uzito wa mrututu ndiyo shaba. Tangi la lita 100 linahitaji miligramu 80 hivi, chini ya sehemu ya kumi ya gramu, kiasi ambacho mizani ya duka haikijui. Dawa ya hilo ni mizani ya sonara: pima gramu 1, iyeyushe kwenye lita 1 ya maji, kisha mililita 80 za mchanganyiko huo zinatosha lita 100. Halafu changarawe ya matumbawe hunyonya shaba, kipimo kinashuka, mtu anaongeza kwa kukisia, na samaki wanakufa kwa tiba. Uduvi na matumbawe hufa mapema zaidi. Mrututu utiwe kwenye chombo kitupu tu, na mwenye kifaa cha kupimia shaba majini. Asiye nacho auache.

Kwa vidoa vya kawaida, mtu wa Magomeni, Dar es Salaam, hauhitaji mrututu kabisa. Anahitaji ndoo mbili, pampu ndogo ya hewa na madumu ya maji ya bahari yaliyopanda bajaji. Ndoo moja ikitumika, nyingine inaoshwa na kuanikwa juani mpaka ikauke kabisa, maana kifuko hakistahimili ukavu. Suala ni maji yatoke wapi. Mto Msimbazi unaopita bonde la Jangwani, hapohapo chini ya Magomeni, humwagikia baharini karibu na Daraja la Salenda, na kipindi cha masika maji ya upande huo huwa mepesi na machafu. Afadhali Kigamboni au Kunduchi, maji yakiwa yanajaa.

Njia ya pili ni kupunguza chumvi. Ndoo 2 za maji ya bahari yenye gramu 35 za chumvi kwa lita, ukichanganya na 3 za maji baridi, unapata gramu 14, kiwango ambacho vifuko hupasuka na kufa lakini samaki wengi wa mifupa huvumilia. Shusha kwa siku mbili, kaa wiki nne, pandisha polepole zaidi. Maji ya bomba yalale usiku kucha yakipulizwa hewa ili klorini itoke. Ya kisima yapimwe kwanza, kwani visima vingi vya mjini vina chumvi yake na hesabu inaharibika. Na yule anayekuuzia haidromita ya betri kwenye maduka ya spea Kariakoo mwache nayo: kipimo chake huanzia 1.100, wakati maji ya bahari ni 1.025 hivi.

Muda wote huo tangi kubwa libaki bila samaki hata mmoja. Uduvi na matumbawe wabaki, hawashiki ugonjwa huu. Vifuko vingi hupasuka kati ya siku 3 na 28, ila vimewahi kurekodiwa vilivyochukua siku 72, kwa hiyo mwenye subira asubiri wiki 11. Wavu wa tangi hilo usitumbukizwe kwenye ndoo, kwa sababu tone moja la maji linatosha kurudisha safari nzima mwanzo.