Friji Linalopoa kwa Moto

Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa KTH, chuo kikuu cha ufundi cha Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji lisilo na mota wala kompresa, lisilo na hata kipande kimoja cha chuma kinachozunguka. Unaliwashia moto, linatoa baridi. Kampuni ya Electrolux ya hukohuko Stockholm ikalinunua wazo hilo mwaka 1925, na miaka ilivyokwenda friji hilo likatufikia na sisi: kwenye misheni, kwenye mashamba makubwa, na baadaye kwenye zahanati za vijiji ambavyo havijaona nguzo ya umeme. Huku tulilijua kama friji la mafuta ya taa.

Mabomba yake yamezibwa kiwandani, na ndani yake mna maji, amonia na haidrojeni. Moto ukichemsha mchanganyiko wa maji na amonia, mvuke wa amonia hupanda hadi kwenye mabomba ya juu, hupozwa na hewa na kuwa kimiminika, kisha huteremka kwenye sehemu ya baridi. Humo amonia inakutana na haidrojeni. Ikichangamana nayo, amonia hugeuka mvuke tena hata pasipo moto, na ili igeuke mvuke ni lazima ipate joto mahali. Inalichukua kwenye maziwa yako, samaki wako, chupa za chanjo. Mvuke huo mzito unashuka chini, maji yanaifyonza amonia, haidrojeni inapanda kurudi ilikotoka, na mzunguko unaanza upya. Hakuna pampu yenye mota inayosukuma chochote. Kazi yote hufanywa na joto na mteremko.

Kwa hiyo ukilitengeneza unatengeneza mambo mawili, joto na mteremko, na hapo ndipo ninapowavulia kofia mafundi wake. Friji la kompresa likiugua hujisema: hunguruma kupita kiasi, hutetemeka, hutoa mlio mdogo kila baada ya dakika chache likijaribu kuwaka na kushindwa. Fundi mzuri hulisikiliza akiwa bado mlangoni. Hili la Stockholm halimwambii kitu. Likiwa zima limenyamaza, likiwa bovu limenyamaza vilevile.

Fundi anayelijua haanzi na bisibisi. Anaanza na pima maji. Tena haiweki juu ya kabati, maana kabati laweza kuwa limepinda kwa uzee. Anaiweka ndani, kwenye sakafu ya chumba cha barafu, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Asipokuwa na pima maji, huweka sahani bapa yenye maji kidogo na kutazama yanakoelekea. Kisha anachonga kabari ya ubao, anaisukuma chini ya mguu mmoja, anatazama tena. Mpita njia atadhani anachezea miguu ya meza, kumbe ameshaugusa ugonjwa wenyewe. Friji likiegemea upande, kimiminika hukwama mahali ambapo kingepaswa kutiririka, chungu cha kuchemshia hukaukiwa, na moto unaendelea kuunguza mabomba bila faida. Likiachwa hivyo miezi, haliponi tena.

Kisha kiganja. Analigusa nyuma, chini hadi juu, taratibu. Chungu kikiwa cha moto na mabomba ya chini yanayofyonza amonia yakiwa na uvuguvugu, mzunguko unakwenda. Chungu kikiwa cha moto lakini mabomba hayo yamepoa kabisa, njia imeziba. Dawa ya zamani ya ugonjwa huo huwashangaza wengi: analizima, analiacha lipoe, kisha kwa msaada wa watu wawili watatu analipindua kichwa chini miguu juu, na kuliacha hivyo kwa saa kadhaa ili vilivyojitenga vichanganyike tena. Analisimamisha, analipa muda wa kutulia, ndipo analiwasha. Baada ya hapo anasubiri mpaka kesho, kwa sababu friji hili hupoa polepole na huchukua karibu siku nzima kutoa jibu. Ni mafundi wachache wanaoweza kukaa siku nzima bila kugusa kitu huku mwenye friji amewasimamia kichwani. Mimi naona subira hiyo ndiyo ngumu kuliko kazi yote ya mikono.

Moto nao una elimu yake. Utambi wa mafuta ya taa husafishwa kwa kufutwa ukoko, usawa pande zote, kwa maana pembe moja ikichomoza mwali huwa wa manjano na kutoa masizi. Masizi yakijaa kwenye dohani, joto halipiti. Mwali unaotakiwa ni wa buluu, mfupi, wenye duara kamili. Huko Stockholm kwenyewe friji la aina hii bado lipo, sasa likitumia gesi, katika magari ya kulala na katika nyumba za kiangazi kwenye visiwa vilivyo mbele ya mji. Nyumba hizo hufungwa majira ya baridi, na zikifunguliwa moto huwa dhaifu: buibui ametanda kichomeo, kutu ya dohani imedondokea tundu la gesi. Tundu hilo ni dogo kiasi cha kutoonekana vizuri kwa macho. Asiyejua hulichokoa kwa sindano, akalipanua, akaliharibu. Anayejua hulifungua, hulilowesha katika spiriti, hulipuliza, hulirudisha.

Kwetu, ufundi huu ulishikwa zaidi na wauguzi. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake wa chanjo mwaka 1974, na chanjo hutaka nyuzi 2 hadi 8, asubuhi na jioni, bila kukosa. Joto likizidi zinaharibika, na baadhi yake, kama ya pepopunda, huharibika zikiganda. Muuguzi wa zahanati alisoma kipimajoto mara mbili kwa siku, akaandika, akashusha utambi kidogo usiku wa baridi kali, akaupandisha mchana wa jua. Watoto wengi walikingwa na surua kwa mkono ule uliokuwa ukipandisha na kushusha utambi, na sijaona tukiwasifu ipasavyo waliofanya kazi hiyo.

Leo zahanati nyingi zimehamia kwenye mafriji ya jua, na ni vyema. Lakini ya zamani bado yapo nyuma ya stoo na kwenye nyumba za wazee, kwa hiyo, ndugu msomaji, likikufikia moja, lisawazishe kwanza na ulipe siku nzima kabla ya kulihukumu. Kagua na mpira wa mlango: bana karatasi, funga, vuta, ikitoka kilaini, baridi nayo inatoka. Ila ukiona unga wa manjano kwenye mabomba ya nyuma, au ukisikia harufu kali ya amonia inayowasha macho, zima moto, fungua madirisha, watoe watoto nje. Unga ule ni dawa ya kuzuia kutu, nao ni sumu. Usilitoboe wala usilichomelee, kwa kuwa ndani mna amonia na haidrojeni zilizoshindiliwa, na haidrojeni hulipuka. Friji lililofikia hapo limekwisha.