Nyota Aliyepewa Jina na Mashabiki

Tarehe 8 Septemba 1966, kituo cha televisheni cha NBC nchini Marekani kilianza kurusha tamthilia iliyoitwa Star Trek. Ni bunilizi ya kisayansi inayohusu chombo cha anga za juu kiitwacho Enterprise na wafanyakazi wake wanaosafiri kutoka sayari moja hadi nyingine katika karne ya 23. Tamthilia hiyo ilidumu kwa misimu mitatu tu, sehemu 79, kisha ikafutwa mwaka 1969 kwa kukosa watazamaji wa kutosha. Hata hivyo, ni tamthilia chache zinazosifiwa kama hiyo kwa kubadilisha maisha ya watu. Husemwa kwamba iliwafanya watoto waliokuwa wakiitazama kuwa wahandisi, madaktari na wanaanga.

Mimi ni shabiki wa Star Trek, ingawa nilizaliwa miongo mitatu baada ya kufutwa kwake. Lakini kupenda kazi ya sanaa hakumwondolei mhakiki wajibu wa kupima sifa zake. Makala haya yanauliza swali moja: tamthilia inapodaiwa kubadilisha maisha, ni nani hasa anayeyabadilisha? Nitajibu kwa kumtazama mhusika mmoja, Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano wa Enterprise. Nimemchagua kwa sababu ndiye aliyeacha alama kubwa nje ya televisheni, na kwa sababu yeye ni Mwafrika anayezungumza Kiswahili. Hoja yangu ni kwamba tamthilia ilimpa kidogo sana, na kwamba mabadiliko yaliletwa na watu waliokataa kuridhika na kidogo hicho.

Tuanze na jina. Nichelle Nichols, mwigizaji aliyemcheza Uhura, alisimulia mara nyingi kwamba alipokwenda kufanyiwa usaili alikuwa amebeba riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyochapishwa mwaka 1962. Gene Roddenberry, mtunzi wa tamthilia, alilipenda neno hilo lakini akataka lisikike laini zaidi kwa mwanamke. Irabu ya mwisho ikabadilishwa, na uhuru ukawa Uhura. Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili hawezi kupita hapa bila kusimama. Kiswahili hakitofautishi jinsi ya kike na ya kiume kwa irabu ya mwisho wa nomino. Ngeli zetu hazijengwi juu ya jinsi, na kiwakilishi "yeye" kinatosha kwa wote. Kiambishi -a cha kike ni mazoea ya lugha za Ulaya yaliyobandikwa juu ya neno letu. Neno lilichaguliwa kwa mvuto wake na kwa historia ya miaka ile, kwani Tanganyika ilikuwa imepata uhuru mwaka 1961, Uganda 1962 na Kenya 1963. Muundo wa lugha yenyewe haukuulizwa.

Star Trek haikuwa peke yake katika hilo. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1966, Maulana Karenga alianzisha sherehe ya Kwanzaa kwa ajili ya Wamarekani weusi. Jina lake lilitokana na "matunda ya kwanza", na likaongezwa "a" moja ili herufi ziwe saba. Huku irabu ilibadilishwa, kule ikaongezwa. Katika hali zote mbili Kiswahili kilikuwa alama ya heshima kwa watu waliohitaji alama hiyo. Sioni ubaya katika hitaji lao. Ninachotaka tuone ni kwamba alama na lugha ni vitu viwili.

Tofauti hiyo inaonekana wazi katika sehemu mbili za tamthilia. Ya kwanza ni "The Man Trap", iliyorushwa usiku ule wa kwanza kabisa. Kuna kiumbe kinachoua watu kwa kuwanyonya chumvi mwilini, nacho kina uwezo wa kujigeuza sura ili kila mtu akione kama yule anayemtamani. Kinapomwendea Uhura kinajigeuza kuwa mwanamume mweusi mtanashati, nacho kinamsemesha kwa Kiswahili. Uhura anaponea chupuchupu. Kwa hiyo, Kiswahili kilipoingia Star Trek kwa mara ya kwanza, kilikuwa chambo mdomoni mwa zimwi. Hata hivyo, tukio hilo linakiri jambo muhimu: katikati ya chombo ambamo kila mtu anazungumza Kiingereza, kiumbe kinachosoma mioyo kimegundua kwamba mwanamke huyu anatamani kuongeleshwa kwa lugha ya kwao.

Sehemu ya pili ni "The Changeling" ya mwaka 1967. Mashine iitwayo Nomad inamsikia Uhura akiimba, inashangazwa na wimbo wake, kisha inafuta kumbukumbu zake zote. Anarudishwa katika hatua ya kujifunza kusoma kama mtoto. Anapokwama kwenye neno la Kiingereza, hasira inampanda na Kiswahili kinamtoka. Waandishi wa mswada walikusudia pengine kichekesho kidogo, lakini wametuachia utata mkubwa. Ikiwa kila kitu kimefutwa, Kiswahili kimebaki wapi? Tamthilia haijibu. Inaendelea tu kumfundisha Kiingereza ili arudi kazini, na hakuna hata mmoja chomboni anayefikiria kujifunza maneno mawili matatu ya lugha iliyobaki kichwani mwake. Nadhani msomaji yeyote aliyesoma shule ya Afrika Mashariki anaitambua hali hiyo bila kuelezwa.

Huo ndio uchache ninaouzungumzia. Sehemu nyingi Uhura anakaa kwenye kiti chake, anapokea ujumbe, anatangaza kwamba njia za mawasiliano ziko wazi. Nichols mwenyewe aliona mistari yake ikikatwa, na baada ya msimu wa kwanza aliamua kuacha. Kwa mujibu wa simulizi yake, aliyemzuia ni Martin Luther King, waliyekutana katika hafla ya chama cha kutetea haki za weusi. King alijitambulisha kuwa shabiki, akamwambia kwamba hiyo ndiyo tamthilia pekee ambayo yeye na mkewe waliwaruhusu watoto wao wakeshe kuitazama, na akamsihi asiondoke kwa sababu nafasi yake haikuwa ya mtumishi wa ndani. King alisoma katika kiti kile kitu ambacho mswada haukukiandika. Ndivyo alivyofanya pia Whoopi Goldberg, ambaye amesimulia kwamba alipokuwa mtoto alikimbia kuwaambia watu wa nyumbani kuwa amemwona mwanamke mweusi kwenye televisheni na si kijakazi. Alipokuwa mwigizaji mashuhuri aliomba mwenyewe nafasi katika Star Trek: The Next Generation, akaipata mwaka 1988.

Mashabiki wengine hawakuishia kutazama. Fununu zilipoenea mwishoni mwa 1967 kwamba tamthilia ingefutwa, Bjo Trimble na mumewe John waliongoza kampeni ya barua. NBC ilipokea zaidi ya laki moja, na wanafunzi wa chuo cha Caltech waliandamana usiku wakiwa na mienge hadi kwenye ofisi za kituo hicho mjini Burbank. Machi 1968, NBC ilitangaza hewani kwamba tamthilia ingeendelea. Kisha ikaipangia saa nne usiku siku ya Ijumaa, wakati vijana wengi hawako nyumbani, na baada ya msimu mmoja ikaifuta. Miaka michache baadaye barua zilirudi tena. Chombo cha kwanza cha aina ya "shuttle" cha shirika la NASA kilikuwa kiitwe Constitution. Mashabiki walimwandikia Rais Gerald Ford, na mwaka 1976 kikazinduliwa kwa jina la Enterprise. Chombo hicho kilitumika kwa majaribio ya kuruka na kutua tu, na hakikuwahi kwenda anga za juu. Mifano hii miwili inafundisha kiasi: mashabiki wanaweza kushinda jina na kushinda muda, lakini ushindi wa jina haurushi chombo.

Kilichohitajika ni mtu wa kutoka kwenye jina hadi kwenye kazi, na mtu huyo akawa Nichols. Mwaka 1977, kupitia kampuni yake ya Women in Motion, alipewa na NASA kazi ya kuwahamasisha wanawake na watu wa jamii zilizobaguliwa waombe kuwa wanaanga. Alizunguka vyuoni na kwenye mikutano akitumia sura ambayo kila mtu aliijua. Kundi la watu 35 lililotangazwa Januari 1978 lilikuwa na wanawake sita, weusi watatu na Mmarekani mmoja wa asili ya Asia. Humo walikuwamo Sally Ride na Guion Bluford, ambao mwaka 1983 walikuwa mwanamke wa kwanza wa Marekani na Mmarekani mweusi wa kwanza kufika anga za juu. Humo pia walikuwamo Judith Resnik na Ronald McNair, waliofariki pamoja na wenzao Challenger ilipolipuka tarehe 28 Januari 1986. Maisha yaliyobadilishwa yalikuwa maisha halisi, yenye hatari zake.

Hapa mashabiki hupenda kusema kwamba Uhura aliifungua NASA. Nadhani tuseme kwa tahadhari zaidi. Mwaka 1972 sheria ya Marekani iliyokataza ubaguzi katika ajira ilipanuliwa hadi kwenye taasisi za serikali kuu, na iliyoifungua njia hiyo ni miaka mingi ya harakati. Sheria ilifungua mlango. Nichols aliwaambia watu waliozoea kuukuta umefungwa kwamba sasa wanaweza kuingia. Kazi yake ilikuwa ya mawasiliano, ile ile aliyoiigiza, tofauti ikiwa kwamba safari hii ujumbe ulikuwa wake mwenyewe.

Mae Jemison anakamilisha mfano huo. Alikulia Chicago akimtazama Uhura, akasomea uhandisi na udaktari, akafanya kazi Sierra Leone na Liberia, na miongoni mwa lugha alizojifunza ni Kiswahili. Septemba 1992 aliruka na Endeavour, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufika anga za juu. Alianza zamu zake kwa kauli ya Uhura kuhusu njia za mawasiliano kuwa wazi. Mwaka uliofuata aliigiza katika sehemu moja ya Star Trek: The Next Generation. Uhura ni Mwafrika wa kubuniwa aliyepewa Kiswahili na waandishi. Jemison ni binadamu aliyekitafuta mwenyewe.

Nayo jumuiya ya mashabiki ilimpa Uhura kitu ambacho tamthilia haikuwahi kumpa: jina la kwanza. William Rotsler, mchoraji na mwandishi aliyetokea katika jumuiya hiyo, alikuwa akiandaa kitabu cha wasifu wa wahusika kilichotoka mwaka 1982. Akaona pengo, akapendekeza jina Nyota, na akaomba ridhaa ya Roddenberry na Nichols. Jina lilitumiwa na mashabiki kwa zaidi ya miaka 25 kabla ya kutamkwa rasmi katika filamu ya mwaka 2009. Safari hii hakuna irabu iliyoguswa. Neno lilichukuliwa kama lilivyo.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo jumuiya hii imetuangusha sisi wa Kiswahili. Star Trek ina lugha nyingine, Kiklingoni, iliyotungwa na mwanaisimu Marc Okrand kwa ajili ya filamu ya mwaka 1984. Kamusi yake ilichapishwa mwaka 1985, taasisi ya kuisoma ikaanzishwa 1992, na mashabiki wakatafsiri Hamlet ya Shakespeare kwa lugha hiyo. Wamefanya kazi ya kupendeza kwa lugha isiyo na kijiji wala nyanya wa kuizungumza. Kiswahili, chenye mamilioni ya wazungumzaji, kimebaki na sentensi chache za miaka ya 1960 na majina mawili mazuri. Siwalaumu. Kiklingoni kilikuwa tupu, na shabiki anaweza kukijaza apendavyo. Kiswahili kina wenyewe. Julius Nyerere hakusubiri mashabiki wa ng'ambo ili Julius Caesar isomeke kwa Kiswahili. Aliitafsiri mwenyewe, ikatoka mwaka 1963.

Jambo hili linatuhusu hapa Uganda moja kwa moja. Kiswahili kiliingizwa katika katiba kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kiwe somo la lazima shuleni. Tunasimama kwenye hafla na kuimba wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulio kwa Kiswahili, kisha tunakaa na mkutano unaendelea kwa Kiingereza. Tumekifanya Kiswahili kile kile Star Trek ilichokifanya: sauti ya heshima, isiyopewa zamu ya kazi.

Katika tamthilia mpya ya Star Trek: Strange New Worlds, iliyoanza mwaka 2022, Uhura ni kijana mzaliwa wa Kenya anayezungumza lugha 37. Katika sehemu ya pili ya msimu wa kwanza anaimba, na sauti yake ndiyo inayofungua mawasiliano na kitu ambacho hakuna aliyekielewa. Mwaka 1967 wimbo wake ulimgharimu kumbukumbu zote, na sasa wimbo unaokoa chombo. Mabadiliko hayo yalichukua miaka 55, na kila hatua yake ilisukumwa na watu waliokuwa upande huu wa kioo: walioandika barua, walioomba kazi, waliotoa jina, na watoto waliokua wakawa waandishi. Wametufikishia Uhura akiwa mwanaisimu, yaani mtu wa fani yetu. Kazi inayobaki ni ya wale wanaoijua lugha aliyokuwa nayo tangu mwanzo, na haihitaji kusubiri msimu mwingine wa televisheni.