Jinsi Spielman Alivyopunguza Muda wa Kitandani

Aliyekosa usingizi kwa majuma kadhaa hufanya jambo linaloonekana la busara: huwahi kulala. Akikesha leo, kesho anapanda kitandani saa 3 usiku, asubuhi anachelewa kutoka, na mchana anajiibia usingizi kidogo kwenye kochi. Arthur Spielman, mwanasaikolojia wa New York, alishikilia kwamba kujifidia huko ndiko kunakolilea tatizo. Msiba au deni huweza kuufukuza usingizi mwanzoni, ila deni likishalipwa, mazoea yaliyoingia wakati wa dhiki hubaki.

Mwaka 1987 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 35 waliotibiwa kwa majuma 8. Kilichopunguzwa ni muda wao wa kukaa kitandani.

Hesabu inaanzia kwenye daftari ambalo mgonjwa huandika kila asubuhi. Tuseme anapanda saa 3 usiku na kutoka saa 12 asubuhi. Hayo ni masaa 9, lakini aliyolala kweli ni 5 na nusu, yaani asilimia 61. Basi anapewa masaa 5 na nusu tu. Saa ya kuamka haiguswi. Ya kulala inasogezwa hadi saa 6 na nusu usiku. Kusinzia mchana ni marufuku. Hata anayedai halali zaidi ya masaa 3 hakupangiwa chini ya 4 na nusu.

Juma la kwanza ni mateso, na wala si kwa bahati mbaya. Kadiri mtu anavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini hurundikana kwenye ubongo na kumvuta alale. (Kahawa huizuia isifanye kazi yake, ndiyo maana kikombe cha jioni huharibu hesabu yote.) Ikifika saa 6 na nusu, mgonjwa amelemewa, akiweka kichwa kwenye mto anapitiwa, hapati nafasi ya kugaagaa akihesabu ada za watoto.

Nyongeza ilitolewa kwa ubahili. Anayefikisha asilimia 90 kwa siku 5 huongezewa dakika 15. Akishuka chini ya 85, anapunguziwa. Kwa maoni yangu ubahili huu ndio ufundi wenyewe, kwani anayejitibu bila kipimo akipata usiku mwema mmoja hurudi kulala saa 3.

Mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilipendekeza tiba ya fikra na tabia, ambayo mbinu hii ni sehemu yake, itangulie dawa za usingizi. Lakini si ya kila mtu. Dereva wa lori anaweza kusinzia kwenye usukani katika majuma ya mwanzo, na mwenye kifafa anaweza kuchochewa degedege. Anayekoroma kwa nguvu huku pumzi zikikatika shida yake ni njia ya hewa inayoziba. Huyo akapimwe kwanza, maana kumkatia masaa ni kumwongezea uchovu tu.