Mvua Haikungoja Kafara

Yako maradhi mawili yawapatayo watu wapendao kuandika. Ya kwanza ni kuahirisha: nitaanza kesho, nitaendelea keshokutwa. Ya pili ni kutaka ukamilifu: sentensi hii bado, neno hili silo, karatasi hii na ichanwe. Desturi yetu ni kuyatenga maradhi haya, tukamwita mgonjwa wa kwanza mvivu na wa pili mwangalifu. Mimi nadhani ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja huogopa kuanza, mwingine huogopa kumaliza, na wote wawili huogopa jicho la msomaji. Basi, ewe kijana, kama umepata kuketi jioni nzima mbele ya daftari tupu, usijihukumu kuwa huna akili. Tazama kwanza kazi ya mwandishi mmoja aliyetoka kando ya Ziwa Viktoria, kisha uamue.

Grace Ogot alizaliwa mwaka 1930 huko Asembo, magharibi ya mji wa Kisumu. Alijifunza uuguzi na ukunga Uganda na Uingereza, na huko London akafanya kazi ya utangazaji katika redio ya BBC. Hakuwa mtu wa kuketi bure akingoja wasaa. Tangu utoto alikuwa amesikia masimulizi ya bibi yake, na kutoka katika hazina hiyo alitunga hadithi ya msichana aliyechaguliwa kuwa kafara ya mvua. Mwaka 1962 waandishi wa Kiafrika walikutana Makerere, mjini Kampala. Ogot alikwenda, akaisoma hadithi yake mbele ya watu, akahuzunika kuona jinsi kazi za Afrika Mashariki zilivyokosekana miongoni mwa zilizoonyeshwa.

Hapo palikuwa na njia panda. Angaliweza kurudi nyumbani na kuinyosha hadithi yake miaka kumi, hata asipatikane mtu wa kuona kasoro ndani yake. Hakufanya hivyo. Mwaka 1963 ilichapishwa katika jarida la Black Orpheus la Nigeria kwa jina la A Year of Sacrifice, yaani Mwaka wa Kafara. Mwaka 1964 ikatokea tena katika mkusanyo wa hadithi za Kiafrika, ikiitwa The Rain Came, yaani Mvua Ikaja. Mwaka 1968 ikaingia katika kitabu chake mwenyewe cha hadithi fupi, Land Without Thunder.

Yapime majina hayo mawili. Jina la kwanza linamwambia msomaji atazame kisu: linataja kafara, na kuupa mwaka mzima sura ya msiba. Jina la pili linamwambia atazame mbingu. Hadithi ni ile ile, lakini jina jipya linaongeza swali lisilokuwamo katika la kwanza: mvua ilikuja kwa sababu gani? Kwa maoni yangu jina la pili ni bora sana. Lakini angalia, msomaji, lilipatikana lini. Lilipatikana baada ya la kwanza kwisha kutoka mbele ya watu. Marekebisho hayakutangulia uchapishaji, yaliufuata.

Sasa tuiingie hadithi yenyewe. Nchi imekauka. Mtemi Labong'o anaambiwa kwamba binti yake Oganda hana budi kutolewa kwa dubwana la ziwani ili mvua inyeshe. Uzuri mkubwa wa hadithi umo katika tofauti ya nyoyo. Wazee wanapozungumza juu yake, msichana anadhani wanazungumza habari za kuolewa. Watu wanashangilia kwa sababu wataokoka, na yeye yumo katikati ya furaha yao akiwa peke yake. Mwandishi hatuambii kwamba jamaa hawa ni wakatili. Anawaonyesha kuwa wana kiu, na hilo linatisha zaidi. Kasoro nayo imo. Tumemsikia Osinda, kijana ampendaye Oganda, katika mawazo ya msichana, lakini anapotokea karibu na ziwa kuja kumwokoa anatokea kwa ghafla mno, kama mtu aliyesukumwa jukwaani. Mhakiki mwaminifu hana budi kulisema jambo hili. Hata hivyo, hakuna amwachaye Oganda njiani kwa sababu ya kasoro hiyo.

Ndivyo ilivyo pia riwaya yake ya kwanza, The Promised Land, iliyotolewa mwaka 1966 na East African Publishing House. Mwaka mmoja kabla yake, mwandishi Taban lo Liyong alikuwa amelalamika kwamba Afrika Mashariki ilikuwa kame katika fasihi. Riwaya hii inaeleza habari za Ochola na mkewe Nyapol, wanaohama kutoka kwao kando ya Ziwa kwenda Tanganyika kutafuta ardhi na mali, na mali inawaletea husuda na uchawi wa jirani. Mazungumzo mengine ndani yake ni makavu, na mwisho wake unakwenda mbio. Lakini Nyapol, asiyependa kuhama na ambaye shaka yake inathibitishwa na mambo, ni mtu hai kabisa. Kama kitabu kingalizuiliwa mpaka mazungumzo yale yalainike, huenda tusingalimjua Nyapol kamwe, na ukame ule ungalizidi.

Najua utanijibu kwa methali: haraka haraka haina baraka. Ni kweli, nami sikufundishi ulipuaji. Lakini wahenga hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, wala hawakujipinga. Nenda Dunga, hapo Kisumu, uwatazame wavuvi. Wavu ukirudi umetatuka, hushonwa ufukoni. Ukiisha kushonwa, hurudi majini. Wavu usioingia ziwani hautatuki, ni kweli, lakini haujaleta hata dagaa mmoja. Tena ni maji yanayomwonyesha mvuvi mahali palipo dhaifu. Mwandishi naye hujua udhaifu wa sentensi yake siku inaposomwa na mtu mwingine.

Kuna jambo jingine, nalo linaniuma. Nilipokuwa na umri kama wako, mzee mmoja wa ukoo wetu alikuwa akinisimulia habari za wavuvi wa zamani. Niliazimia kuziandika, ila nikasema nijifunze kwanza lugha iliyotakata. Lugha niliipata kidogo kidogo; mzee hakuningoja. Leo nina maneno mazuri ya kueleza habari ambazo sizikumbuki. Ukurasa mmoja wenye makosa, ulioandikwa siku zile, ungalikuwa na thamani kwangu kuliko insha zangu zote za sasa.

Kwa hiyo nakushauri hivi. Andika rasimu ya kwanza mpaka mwisho bila kurudi nyuma kufuta. Iache siku mbili. Isome kwa sauti mbele ya mwenzako, kama Ogot alivyoisoma yake Makerere, utie alama mahali ulimi wako unapojikwaa. Rekebisha, kisha uitoe siku uliyoiweka tangu mwanzo. Kesho ni siku ya kazi nyingine. Ogot mwenyewe hakukoma kuendelea: baadaye aliandika kwa Kijaluo pia, akatoa Miaha mwaka 1983.

Turudi kwa Oganda, maana mwisho wa hadithi yake una fundisho ambalo pengine mwandishi hakulikusudia kwa waandishi. Watu wote waliamini kwamba mvua haitanyesha mpaka kafara itimie, bila kupungua kitu. Oganda hakufika kwenye dubwana. Osinda alimfunika kwa vazi la majani, wakakimbia pamoja, kafara ikavunjika njiani. Mawingu yakakusanyika, ngurumo ikalia, na mvua ikanyesha kwa nguvu. Nawe, kijana, labda umejiwekea sharti la namna hiyo: kwamba hutaandika mpaka kila kitu kitimie. Chukua kalamu jioni hii.