Kahawa Chungu ya Ujiji

Kikombe cha kahawa ya barazani hakizidi mafunda manne. Hakina mkono, hushikwa ukingoni kwa vidole viwili, na moto wake humlazimisha mnywaji aende taratibu. Mgeni aliyezoea vikombe vikubwa vya mikahawa ya mjini hudhani amepunjwa. Kumbe biashara nzima imesimama juu ya udogo huo. Bei yake anaimudu hata mvuvi aliyerudi mikono mitupu. Cha kwanza kikiisha, cha pili hakihitaji kushawishiwa. Na kati ya kimoja na kingine pana nafasi ya kipande cha kashata na maneno mengi. Kahawa ikipoa kabla haijanywewa, muuzaji ndiye mwenye kosa.

Ufundi wenyewe huanzia uani, wateja wasikouona. Buni hukaangwa kwenye kikaango kipana juu ya jiko la mkaa, na anayekaanga haitwi akaitika. Mkono unageuza bila kukoma, kwa sababu buni ikitulia upande mmoja huungua upande huo na kubaki mbichi upande wa pili, na punje chache za namna hiyo zinatosha kuharibu birika zima. Mwanzoni harufu ni ya nyasi mbichi, kisha inakuwa ya mkate unaookwa, halafu punje zinaanza kualika. Wakaangaji wengi wa nchi za mbali huepua muda mfupi baada ya hapo. Huku Ujiji fundi anaendelea, maana wazee wa barazani wanataka nyeusi na chungu, hadi punje zianze kung'aa mafuta. Hapo ndipo penye mtihani. Uchungu unaotakiwa na ladha ya masizi vimetenganishwa na muda mfupi sana, na mkaa hauna kitasa cha kupunguzia moto. Akishaepua humwaga buni kwenye ungo na kuipepeta ipoe upesi, kwa sababu iliyorundikwa ikiwa ya moto huendelea kujiunguza yenyewe.

Kinachofuata ni kinu na mchi, kisha maji, kisha tangawizi iliyopondwa. Kahawa huchemshwa, ikaachwa mashapo yashuke, ndipo iliyo safi humiminwa ndani ya birika refu lenye jiko lake dogo la mkaa chini. Makaa hayo nayo yana elimu yake. Yakiwa makali, kahawa huchemka tena njiani na kuwa kali ya kuchukiza. Yakiwa machache, hupoa kabla ya baraza la tatu. Muuzaji mzuri huyafunika kwa majivu, akayafunua kidogo kidogo kadiri jua linavyoshuka.

Ukikaa Ujiji baada ya sala ya alasiri utamsikia kabla hujamwona. Vikombe viwili mkononi mwake vinagongana kwa mdundo, na kila muuzaji ana mdundo wake, kiasi kwamba watu wanamjua anayekuja bila kugeuka. Akifika haulizi nani anataka. Anamjua asiyepewa tangawizi, anamjua anayekunywa viwili na kulipa Ijumaa, na anaanza na mwenye umri mkubwa. Humimina bila kukata hadithi ya mtu. Siku moja mzee mmoja alikirudisha kikombe baada ya funda la kwanza. "Mwanangu, leo umetuletea maji ya mto." Kijana hakubisha. "Nisamehe baba, hiki hakina hesabu." Akatikisa birika kidogo, akasubiri, akamimina kingine. Mzee akakinywa chote na mazungumzo ya bei ya dagaa yakaendelea. Kosa lilisahihishwa pale pale mbele ya wateja wote, na hasara ilikuwa ya kikombe kimoja.

Yapo makampuni makubwa yaliyolipia somo hilo la kujirekebisha mapema kwa gharama kubwa. Starbucks, iliyoanza Seattle mwaka 1971, ilifungua maduka 84 Australia ikidhani mnywaji ni yule yule kila mahali. Mwaka 2008 ilifunga 61 kati yake. Waaustralia walikuwa wameshafundishwa kahawa na wahamiaji wa Kiitaliano na Kigiriki, na hawakuona sababu ya kulipia zaidi kitu kitamu kupita kiasi. Anayekuja Ujiji na sukari mkononi ayafikirie hayo.

Kwenye Ziwa Tanganyika hili, kujirekebisha kunafuata mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa hukaa nchi kavu. Basi siku za giza mwenye birika huenda mwaloni alfajiri, mitumbwi inapoingia na watu wamelowa na kutetemeka. Huko kahawa huuzwa haraka na kwa wingi, watu wamesimama. Mbalamwezi wateja hao hao wako barazani na drafti, nao wanakunywa polepole. Ramadhani biashara yote inahamia usiku, baada ya tarawehe. Msibani hukodiwa birika zima, na hapo muuzaji habebi kashata wala hapigi mdundo wa vikombe.

Baraza lenyewe ni la pwani, lililokuja na misafara. Wapelelezi Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili wameshaweka makao, na Stanley alimkuta Livingstone miongoni mwao mwaka 1871. Mji wa namna hiyo huishi kwa habari. London nayo ilifungua nyumba yake ya kwanza ya kahawa mwaka 1652, na katika nyumba ya Edward Lloyd mabaharia na wenye mali walipashana habari za meli mpaka pakazaliwa soko la bima linalobeba jina lake hadi leo. Ujiji hawajaanzisha bima, lakini ukitaka kujua boti ipi imechelewa kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa, na kwa nini, usianzie bandarini.

Nina lawama mbili, na ya kwanza ni ya wauzaji hawa. Kilichomo kikombeni kimechemka, lakini ndoo ya kusuuzia vikombe haijachemka, na mwambao huu unakijua kipindupindu. Mei 2015, maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipojazana katika kijiji cha Kagunga, ugonjwa huo uliua watu kabla meli ya Liemba haijamaliza kuwavusha kwenda Kigoma. Muuzaji anayebeba maji ya moto ya kusuuzia namhesabu fundi kamili, hata kama tangawizi yake haijakolea.

Lawama ya pili si yao. Kaskazini mwa Kigoma, kwenye milima ya Kalinzi, wakulima wanalima arabika nzuri hasa. Katikati ya miaka ya 2000 ilisifiwa na kuuzwa Marekani kwa jina la hifadhi ya Gombe. Wakati huo huo, mgeni wa hoteli hapa mjini aghalabu huwekewa chupa ya maji ya moto na kopo la kahawa ya unga kutoka kiwanda cha Bukoba. Sina ugomvi na kopo, lakini mita chache nje ya geti anapita mtu aliyekaanga buni asubuhi ile ile, na hakuna anayemwita ndani.

Biashara yenyewe haikui kwa kufungua matawi. Bei ni moja kwa wote, na wauzaji wawili hawaingii baraza moja kwa wakati mmoja, hivyo wanachoshindania ni ladha na kufika kwa saa inayotarajiwa. Aliyezidiwa na wateja hutafuta kijana. Kijana huanza na ndoo na vikombe, baadaye hukabidhiwa kashata na hesabu ya madeni, kisha baraza moja la jirani, na siku akiwa na birika lake ndipo biashara imekua: zimekuwa mbili, kila moja na mwenyewe. Kukaanga hufundishwa mwisho kabisa. Yule aliyerudishiwa kikombe na mzee anabeba birika kila siku na madeni yote anayo kichwani, lakini buni bado anakaangiwa na mwalimu wake.